Nani aandike dawa za akili: mwanasaikolojia, muuguzi bingwa au timu ya daktari wa familia?

Kila muswada wa kuwaruhusu wanasaikolojia kuandika dawa unapofika kwenye bunge la jimbo nchini Marekani, hoja huwa zile zile. Upande mmoja husema madaktari wa magonjwa ya akili ni wachache na wagonjwa wanasubiri mno. Upande wa pili husema asiyesomea udaktari asiguse dawa. Kila upande una ukweli wake, lakini hoja hizo hazimsaidii sana anayetakiwa kuamua, kwa sababu kuandika dawa ndiyo sehemu fupi kuliko zote. Kazi huanza mgonjwa akishaimeza. Nani atamwagizia vipimo vya damu? Nani atayasoma majibu siku yanapotoka? Na nani ana mamlaka ya kupunguza dozi jioni hiyo hiyo bila kumsaka mtu aliye likizo?

Kwa kipimo hicho tunaziweka njia tatu ubavu kwa ubavu: mwanasaikolojia aliyeongezewa leseni ya dawa, muuguzi bingwa wa afya ya akili, na huduma shirikishi, ambamo daktari wa familia huandika dawa akiongozwa na daktari wa magonjwa ya akili aliye mbali. Njia ya nne, kuongeza madaktari wa magonjwa ya akili wenyewe, ni njema. Ila Marekani inahitaji miaka 4 ya chuo cha udaktari na miaka 4 ya ubingwa juu ya shahada ya kwanza, hivyo nafasi itakayofunguliwa leo itatoa daktari baada ya miaka 8.

Mgonjwa wa kupimia njia zote

Chukua mfano huu. Mwanamke wa miaka 58 ana ugonjwa wa hisia mseto, ule wa kupanda na kushuka. Anatumia lithiamu miligramu 900 kwa siku, na kiwango chake kwenye damu ni 0.7 mmol kwa lita, palepale panapotakiwa. Hali yake imetulia. Kisha presha inapanda, daktari wa familia anamwandikia kidonge cha kuongeza mkojo cha kundi la thaiazaidi. Goti linamuuma, ananunua ibuprofeni mwenyewe dukani.

Dawa zote mbili huifanya figo irudishe lithiamu mwilini badala ya kuitoa na mkojo. Thaiazaidi peke yake inaweza kupandisha kiwango kwa asilimia 25 hadi 40. Ndani ya wiki moja au mbili mikono inatetemeka kuliko kawaida, anaharisha, anayumba akitembea, maneno yanakuwa mazito. Kuharisha kunampunguzia maji, na upungufu wa maji unaipandisha lithiamu zaidi. Kiwango kikivuka 1.5 hiyo ni sumu. Kikivuka 2 figo na ubongo viko hatarini.

Hatua sahihi zinajulikana: simamisha lithiamu, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo bila kungoja, pima kiwango pamoja na kreatinini, inayoonyesha hali ya figo, na sodiamu, ondoa ibuprofeni na umpe parasetamoli, badilisha dawa ya presha iwe isiyogusana na lithiamu, kwa mfano amlodipini. Akishatulia, ufuatiliaji wa kawaida hurudi: kiwango kinachochukuliwa saa 12 baada ya dozi ya mwisho, siku 5 hadi 7 baada ya kila badiliko la dozi. Kinachotofautisha njia hizi tatu ni nani ataona dalili, lini, na kama mkono wake unafika kwenye dawa.

Mwanasaikolojia mwenye leseni ya dawa

Nguvu yake kubwa ni muda. Kikao cha tiba ya mazungumzo huchukua dakika 45 hadi 60, kila wiki au kila wiki mbili. Ziara ya dawa kwa daktari mara nyingi ni dakika 15 au 20, na nyingine hufuata baada ya wiki kadhaa au miezi. Tofauti hiyo si ya starehe. Mgonjwa aliyeanzishiwa aripiprazoli anaweza kushindwa kukaa: anavuka miguu na kuifungua, anasimama, anazunguka chumba, anasema ndani ya mwili kuna kitu kinamsukuma. Hayo ni madhara ya dawa. Anayemwona kwa dakika chache huweza kuyaita wasiwasi na kuongeza dozi, na hapo hali inazidi. Aliyemwona wiki iliyopita akiwa ametulia kitini ana cha kulinganisha nacho.

Jambo hilo hilo linahusu dawa za sonona kwa vijana. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza onyo zito kuhusu mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana wanaozitumia, na 2007 onyo likapanuliwa hadi umri wa miaka 24. Wakati wa kumtazama kwa karibu zaidi ni wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa. Huo ndio wakati ambao mwanasaikolojia tayari ana miadi ya kila wiki.

Kuna pia mamlaka ambayo wapinzani huisahau: ya kuondoa dawa. Asiye na leseni ya dawa akiona mgonjwa ametulia na angeweza kupunguziwa, anachoweza kufanya ni kuandika barua. Mwenye leseni hupanga mwenyewe. Dawa za sonona kama paroksetini na venlafaksini hazikatwi ghafla. Ndani ya siku 2 hadi 4 mgonjwa huanza kuhisi kizunguzungu, kichefuchefu na mishtuko kama ya umeme kichwani, na wengi hudhani ugonjwa umerudi. Hupunguzwa hatua kwa hatua kwa wiki au miezi, na hatua za mwisho huwa ndogo kuliko za mwanzo. Kazi hiyo inahitaji mtu wa kuzungumza naye kila hatua, na hapa mwanasaikolojia hana mpinzani.

Udhaifu wake ni mwili. Sonona inayotokana na tezi ya thairoidi iliyolegea hufanana na sonona yoyote nyingine mpaka upime homoni ya TSH. Bibi wa miaka 72 anayetumia kidonge cha thaiazaidi akianzishiwa dawa ya sonona ya kundi la SSRI anaweza kushuka sodiamu ndani ya wiki chache, akaanza kuchanganyikiwa na kuanguka, na familia ikasema uzee umemwingia. Sitalopramu haitakiwi kuvuka miligramu 20 kwa siku kwa aliyezidi miaka 60, kwa sababu ya mapigo ya moyo. Fluoksetini, nayo ya kundi la SSRI, inahitaji wiki 5 za kusubiri kabla ya kuanza dawa za zamani za sonona za kundi la MAOI, wakati nyingi za jamii yake husubiriwa wiki 2. Mambo haya yanafundishika. Suala ni kama sheria inamlazimisha ayafanye kwa mikono yake mbele ya msimamizi kabla ya kuachwa peke yake.

Kwa mgonjwa wetu wa lithiamu, mwanasaikolojia ndiye anayeelekea kuona mtetemeko kwanza. Lakini wajibu wa kuwasiliana umewekwa juu ya mwanasaikolojia: yeye ndiye anayetakiwa kumjulisha daktari wa familia anachoandika. Daktari anapoongeza dawa ya presha baadaye, habari haimfikii mwanasaikolojia isipokuwa mgonjwa aseme, na ibuprofeni ya dukani haitajwi kama dawa hata kidogo. Swali la kila kikao, "umemeza nini kingine wiki hii, hata cha kununua bila cheti?", linaokoa figo.

Ushahidi wa mwanzo ulitoka jeshini. Kati ya 1991 na 1997 Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliwafundisha wanasaikolojia 10 kuandika dawa. Ofisi ya ukaguzi ya bunge, GAO, ilisema 1997 kwamba jeshi halikuwa na haja ya mpango huo na kwamba gharama ilikuwa kubwa, takribani dola 610,000 kwa kila mhitimu. Mwaka 1999 ofisi hiyo hiyo ikaandika kwamba wahitimu wenyewe walikuwa wakitoa huduma nzuri. Kila upande hunukuu ripoti moja na kuiacha nyingine. Ukizisoma pamoja zinaleta maana: mtu anaweza kufundishwa vizuri, na bado mafunzo hayo yakawa ghali. Kumbuka pia kwamba askari walio kazini ni watu wazima wenye miili imara kwa jumla. Kundi hilo halikujaa wazee wenye presha, kisukari na dawa saba mezani.

Sheria za majimbo hazifanani hata kidogo

Baada ya kisiwa cha Guam, kilicho chini ya Marekani bila kuwa jimbo, New Mexico lilikuwa jimbo la kwanza, 2002, likafuatiwa na Louisiana 2004, Illinois 2014, Iowa 2016, Idaho 2017, Colorado 2023 na Utah 2024. Kwingine magavana waliikataa miswada iliyokwishapita: Hawaii 2007, Oregon 2010 na tena 2017. Anayesema "wanasaikolojia waruhusiwe" hajasema lolote mpaka ataje sheria ya wapi. Chache zinatosha kuonyesha tofauti.

New Mexico ilidai saa 450 za darasani, saa 80 za mazoezi ya uchunguzi wa mwili na ugonjwa, kisha saa 400 za kutibu wagonjwa wasiopungua 100, halafu miaka 2 ya leseni ya masharti chini ya daktari. Piga hesabu: saa 400 kwa wagonjwa 100 ni wastani wa saa 4 kwa kila mmoja. Hiyo inatosha kumwanzishia mtu dawa na kumwona mara chache, haitoshi kumfuata mgonjwa wa lithiamu mwaka mzima. Kwa hiyo uzito wote unaangukia ile miaka 2 ya usimamizi. Msimamizi akiwa makini sheria ni nzuri, akiwa wa kutia saini tu, haina mgongo.

Louisiana ilidai shahada ya uzamili ya elimu ya dawa za akili baada ya shahada ya uzamivu ya saikolojia, mtihani wa kitaifa, na mashauriano na daktari wa mgonjwa. Kisha mwaka 2009 ikachukua hatua ambayo wengine hawakuiga: usimamizi wa wanasaikolojia hao ukahamishiwa kwa bodi ya leseni ya madaktari. Wanasaikolojia wengi waliliona hilo kama kupoteza uhuru wa taaluma. Kwa mgonjwa lina faida moja kubwa. Malalamiko ya dawa yanafika kwa watu wanaohukumu malalamiko ya dawa kila siku.

Illinois ilienda mbali zaidi kwa ukali. Inataka masomo ya msingi ya baiolojia, kemia na anatomia, na miezi 14 ya mazoezi yanayopita idara za dharura, watoto, wazee, uzazi, upasuaji, tiba ya ndani, tiba ya familia na magonjwa ya akili. Halafu inazuia: mwenye umri chini ya miaka 17 hapana, aliyevuka 65 hapana, mjamzito hapana, mwenye ugonjwa mzito wa mwili hapana, mwenye ulemavu wa akili hapana. Dawa za Ratiba ya II, orodha ya dawa zinazodhibitiwa vikali, ambamo mna methilifenideti ya watoto wasiotulia, hapana. Mafunzo hayo ndiyo bora kuliko yote tuliyoyataja, na hapohapo pana mkanganyiko: anayepitishwa wodi ya watoto na ya wazee haruhusiwi kuwaandikia watoto wala wazee. Mgonjwa wetu naye, akitoka 58 akavuka 65, itabidi akabidhiwe mtu mwingine, na makabidhiano ndiyo mahali lithiamu husahaulika kupimwa. Tena miezi 14 ya mazoezi ni mzigo ambao mwanasaikolojia mwenye wagonjwa na mkopo wa shule hawezi kuubeba kirahisi.

Iowa na Idaho zilipata njia ya kati ambayo sisi tunaipenda kuliko zote. Watoto na wazee hawakufungiwa mlango. Anayetaka kuwaandikia anatakiwa kwanza afanye mwaka mmoja wa kuwaandikia kundi hilo chini ya usimamizi.

Muuguzi bingwa wa afya ya akili

Huyu huanza akiwa muuguzi aliyesajiliwa, akaongeza uzamili au udaktari wa uuguzi katika afya ya akili. Katika zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani anaandika dawa bila kusimamiwa na daktari. Uingereza nayo, ilipotaka kuongeza waandika dawa, 2006 iliwafungulia wauguzi na wafamasia waliosomea kuandika karibu dawa zote. Wanasaikolojia walibaki nje.

Mwili si mgeni kwake. Ameshapima presha maelfu ya mara, anajua sura ya mtu aliyeishiwa maji, anasoma karatasi ya figo bila kuongozwa. Mgonjwa wetu akiingia anayumba, atamshika mkono, ataangalia ulimi, ataagiza kipimo. Hilo ni jambo la dakika tano na linatosha.

Saa zake za mazoezi ya ubingwa, hata hivyo, si nyingi kama watu wanavyodhani. Kiwango cha chini cha kitaifa kilikuwa 500, na tangu 2022 ni 750. Anayeibeza New Mexico kwa saa zake 480 za mazoezi (80 na 400) alikumbuke hilo, na aliyeridhika na 750 akumbuke kwamba nyuma yake kuna miaka ya wodini ambayo mwanasaikolojia hana. Anachokosa ni kina cha tiba ya mazungumzo na upimaji wa kisaikolojia. Matokeo yanayoonekana ni kliniki ambamo kila tatizo linajibiwa kwa kidonge, kwa sababu ndicho kilichopo mkononi na ratiba ni dakika 20.

Huduma shirikishi

Hapa hakuna anayeongezewa leseni. Daktari wa familia anaandika dawa kama kawaida. Mratibu, ambaye anaweza kuwa muuguzi, mfanyakazi wa ustawi wa jamii au mwanasaikolojia, anawapigia wagonjwa simu, anawapima kwa dodoso la PHQ-9, ambalo lina maswali 9 na alama 0 hadi 27, na anaandika kila alama kwenye daftari moja la ufuatiliaji. Daktari wa magonjwa ya akili hukaa na mratibu kila wiki, wakapitia majina ya wasiopata nafuu, akapendekeza dozi. Lengo ni alama ishuke kwa nusu au iwe chini ya 5. Wiki 8 hadi 12 zikipita bila nafuu, matibabu yanabadilishwa, hayaachwi yaendelee kwa mazoea.

Jaribio kubwa la wazee wenye sonona lililochapishwa 2002, IMPACT, lilikuwa na watu 1,801 katika kliniki 18. Baada ya mwaka, asilimia 45 ya waliokuwa kwenye huduma shirikishi walikuwa wamepungukiwa dalili kwa nusu au zaidi, dhidi ya asilimia 19 ya waliopata huduma ya kawaida. Kwa sonona na wasiwasi wa kawaida hatujui njia iliyopimwa vizuri kuliko hii, na saa chache za bingwa mmoja kwa wiki huwafikia wagonjwa wengi.

Inaharibika mahali pamoja: daftari likiacha kujazwa. Mratibu akiondoka na nafasi ikakaa wazi miezi mitatu, kilichobaki ni daktari wa familia mwenye dakika 15, yaani pale pale mlipoanzia. Na si njia ya kila ugonjwa. Mtu anayetumia klozapini, dawa ya skizofrenia, anayehitaji hesabu ya chembe nyeupe za damu kila wiki miezi ya mwanzo, au mtu wa hisia mseto kama mgonjwa wetu, anahitaji bingwa anayemwona kwa macho. Faida aliyo nayo humu ni kwamba lithiamu na kidonge cha presha vimo kwenye faili moja, na mfumo unaweza kumwonya daktari kabla hajabonyeza.

Uchague ipi, na uandike nini kwenye sheria

Kama foleni yako ni ya sonona na wasiwasi, anza na huduma shirikishi, hata kama muswada wa wanasaikolojia uko mezani, kwa sababu haihitaji kubadili sheria ya leseni. Kama foleni ni ya skizofrenia na hisia mseto, na wauguzi wapo, somesha wauguzi bingwa. Mwanasaikolojia mwenye leseni ya dawa ana thamani kubwa pale ambapo tayari yupo na bingwa mwingine hayupo, kama vijiji vilivyotawanyika vya New Mexico na vituo vya jeshi, na kwa wagonjwa ambao kazi kubwa ni kupunguza dawa. Usimchague ukidhani atamaliza foleni. Zaidi ya miaka 20 baada ya sheria ya kwanza, hawajawa maelfu nchi nzima.

Ukimchagua, mamlaka ya kuagiza vipimo vya damu yaandikwe katika kifungu kile kile cha dawa. Anayeruhusiwa lithiamu bila kuruhusiwa kuagiza kreatinini amepewa gari lisilo na breki. Taja kwa jina dawa zinazohitaji ufuatiliaji mzito: lithiamu, klozapini, valproeti kwa wanawake wa umri wa kuzaa, na lamotrijini, ambayo huanza na miligramu 25 kwa siku na kupanda taratibu kwa sababu ya upele unaoweza kuua, na ambayo kwa anayetumia valproeti huanza na 25 siku moja ndiyo siku moja hapana. Mawasiliano yawe ya pande mbili, daktari wa familia naye atume orodha ya dawa kila anapoibadilisha. Andika nani anapokea simu saa 8 usiku, na nani anamrithi msimamizi akihama.

Kisha angalia malipo, kwa sababu yanaweza kuifuta ile faida ya muda tuliyoanza nayo. Marekani ina msimbo wa malipo wa 90863 kwa usimamizi wa dawa unaofanywa pamoja na tiba ya mazungumzo, uliokusudiwa wanasaikolojia wa aina hii. Medicare, bima ya waliofikisha miaka 65, haiulipi. Bima zikilipa ziara fupi ya dawa vizuri kuliko saa nzima ya mazungumzo, mwanasaikolojia naye ataanza kuwaona watu kwa dakika 15, na mtetemeko wa mkono utasubiri miadi ya mwezi ujao.